Jinsi ya kupima kama matokeo ya DNA ya mumia za Misri yanaaminika

Kuna habari mbili ambazo hazichoki kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ya kwanza inasema Farao Tutankhamun amepimwa DNA na kumbe alikuwa Mzungu wa Ulaya Magharibi. Ya pili inasema amepimwa na kumbe alikuwa mtu wa Maziwa Makuu, jamaa yetu kabisa. Cha ajabu, zote mbili zimezaliwa na mradi mmoja: ule wa kundi la mwanaakiolojia wa Misri Zahi Hawass uliochapishwa Februari 2010 katika jarida la tiba la JAMA. Na makala yenyewe haikusema hili wala lile.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, mwandishi au mhariri anayetaka kujua taarifa ya namna hiyo ina uzito gani kabla hajaisambaza. Maswali yamepangwa kwa mfuatano wenye sababu. Swali la mwanzo likikosa jibu, usijisumbue na linalofuata.

Mwili ni wa nani, na nani kasema?

DNA haina jina. Maabara inaweza kusema mtu huyu ni baba wa yule, lakini haiwezi kusema aliitwa nani. Jina hutoka kwenye jeneza, sanda, kaburi au maandishi, na hapo ndipo mambo huchanganyika mapema. Mumia nyingi za wafalme hazikukutwa kwenye makaburi yao. Makuhani wa Nasaba ya 21 walizikusanya, wakazifunga sanda upya, wakaziandika majina na kuzificha. Fungu moja liliondolewa Deir el-Bahari mwaka 1881, jingine likapatikana katika kaburi KV35 mwaka 1898. Jina lililoandikwa karne kadhaa baada ya mtu kufa ni ushahidi, lakini si cheti cha kuzaliwa.

Chukua mifupa ya kaburi KV55, lililofunguliwa 1907. Vipimo vya 2010 vilimweka mtu huyo kuwa mwana wa Amenhotep III na Malkia Tiye, na baba wa Tutankhamun. Magazeti yakaandika "Akhenaten", jina la farao mwana wa Amenhotep III. Lakini wapo wataalamu wa mifupa wanaosema mtu huyo alikufa akiwa kijana wa miaka ya 20, umri usiomtosha Akhenaten, nao humtaja Smenkhkare, mfalme mwingine wa wakati huo. Kwa hiyo "baba wa Tutankhamun" ni matokeo ya maabara, na "Akhenaten" ni hoja ya wanahistoria. Ukiandika, tenganisha hayo mawili.

Kwa mumia za majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ongeza swali jingine: je, mfupa uleule uliopimwa DNA umepimwa pia umri kwa kaboni-14? Wafanyabiashara wa karne ya 19 hawakuona taabu kulaza maiti yoyote ndani ya jeneza zuri ili bei ipande. Tarehe iliyosomwa kwenye jeneza ni tarehe ya jeneza.

Kipande gani kilitobolewa?

Ngozi na misuli ya mumia hudanganya macho. Huonekana mizima, lakini DNA yake mara nyingi imekwisha. Mwaka 1985 mtafiti Svante Pääbo alichunguza mumia 23 na kupata DNA kwenye mmoja tu, wa mtoto, kipande chenye urefu wa herufi 3,400 hivi (herufi za DNA ni A, C, G na T). Ulikuwa mwanzo wa fani nzima, na Pääbo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi zake za baadaye. Ila leo kipande kirefu hivyo kutoka Misri kingehesabiwa kuwa dalili ya uchafu wa kisasa, na ndivyo matokeo yale yanavyochukuliwa sasa.

Matokeo yanayosimama yametoka kwenye meno na mifupa. Djehutynakht wa Deir el-Bersha, ambaye kichwa chake kipo Boston, alitolewa gego. Wale "Ndugu Wawili" wa jumba la makumbusho la Manchester, Khnum-nakht na Nakht-ankh, walipimwa meno, na mwaka 2018 ikaonekana walichangia mama lakini si baba. Mtu wa Nuwayrat, ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa 2025, naye alitolewa sampuli kwenye mizizi ya meno.

Kwenye jino, kinachotafutwa zaidi ni tabaka linalofunika mzizi. Kwenye fuvu, ni ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao umeshikamana kuliko mifupa yote ya mwili. Taarifa ikisema "sampuli ya ngozi", "nywele" au "kitambaa cha sanda", punguza imani. Ikiwa haisemi kabisa, acha hapohapo.

Kwa nini Misri ni pagumu kuliko Siberia

Joto ndilo adui mkubwa, na unyevu ni msaidizi wake. Utafiti wa mifupa ya ndege moa wa New Zealand, uliochapishwa 2012, ulikadiria kwamba vipande vya DNA vya herufi 242 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 521 mahali penye wastani wa digrii 13.1. Luxor ina wastani wa karibu digrii 25, na kila digrii inayoongezeka huharakisha uharibifu. Utafiti mwingine wa 2002 ulipima mafunjo ya kale ya Misri yenyewe na kupata nusu-maisha ya DNA ya miaka 19 hadi 24 tu, hesabu ambayo haiachi kitu baada ya miaka 700 hivi. Mfupa hukinga DNA kuliko jani la mafunjo, lakini takwimu hizo ndizo zilizofanya wengi, kwa miaka mingi, wasiamini tangazo lolote la DNA kutoka Misri.

Ukaushaji nao una pande mbili. Magadi yaliyotumika kukausha mwili, kwa siku 40 hivi, yalinyonya maji upesi, na hilo ni jema. Lakini magadi ni ya alkali, na yakikutana na unyevu huvunjavunja DNA. Utomvu wa miti na mafuta yaliyomiminwa juu ya mwili huingia hadi kwenye mfupa na baadaye huzuia kimeng'enya cha PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, kufanya kazi. Ndiyo maana kimiminika kilichochujwa kutoka mumia mara nyingi hutoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na kipimo kikakataa kabisa hata kama DNA imo.

Angalia pia mwili ulilala wapi. Yule wa Nuwayrat, aliyeishi kati ya 2855 na 2570 KK, alizikwa ndani ya chungu kikubwa katika kaburi lililochongwa mwambani, pakavu na penye joto lisilobadilika sana. Kusema kweli si mumia ya kufungwa sanda, ni mifupa. Kaburi la bondeni ambalo maji ya Naili yalikuwa yakilifikia ni habari nyingine kabisa.

Maabara ilifanyaje kazi?

Sehemu ya "mbinu" katika makala ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye majibu. Kazi safi huenda hivi.

Mwili hupigwa picha na kuchunguzwa kwa CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) kwanza, ili mtu asiharibu kitu kisichorudi. Mionzi ya CT ya kawaida ya hospitali haina madhara ya kupimika kwa DNA. Kinachotia shaka ni uchunguzi wa mikro-CT wa muda mrefu wenye dozi ya zaidi ya gray 200 (gray ni kipimo cha mionzi). Huchaguliwa jino lisilooza, lenye mizizi iliyofungika. Uso wake hufutwa kwa jiki iliyozimuliwa, husuuzwa kwa maji yasiyo na DNA, kisha huwekwa chini ya mwanga wa UV kila upande. Tabaka la nje hukwanguliwa na kutupwa. Halafu hutobolewa kwa drili ya kasi ndogo, kwa sababu drili ya kasi kubwa huchoma mfupa na kuua DNA ileile inayotafutwa. Hili ni kosa la kawaida sana, na aliyelifanya hudhani mwili haukuwa na kitu.

Kinachohitajika ni miligramu 30 hadi 50 za unga. Unga huo huachwa usiku kucha kwenye digrii 37 ndani ya mililita 1 ya EDTA ya molari 0.45, pH 8, pamoja na proteinase K ya miligramu 0.25 kwa mililita. EDTA huyeyusha madini, proteinase K humeng'enya protini. Kisha DNA hunaswa kwenye silika kwa kutumia guanidini hidrokloridi na isopropanoli. Tangu 2013 mchanganyiko huo umerekebishwa ili unase vipande vifupi hadi herufi 35 hivi. Makala ya kabla ya hapo zilitumia mbinu zilizopoteza vipande vifupi, yaani zilimwaga DNA ya kale na kubakiza ndefu, ambayo kwa Misri huwa ni ya watu wa leo.

Yote haya hufanyika katika chumba kisichowahi kuingizwa DNA iliyokwisha kukuzwa kwa PCR, chenye hewa iliyochujwa inayosukuma kwenda nje, na wafanyakazi waliovaa ovaroli nzima, barakoa, kinga ya uso na glavu mbilimbili. Aliyeingia chumba cha PCR asubuhi harudi chumba safi siku hiyo. Katika kila kundi la sampuli huwekwa angalau sampuli tupu moja, ambayo hupitia hatua zote bila unga wowote. Sampuli tupu ikitoa DNA ya binadamu kwa wingi, kundi zima hutupwa. Makala isiyotaja sampuli tupu haina namna ya kujitetea.

Makovu ya uzee: kipimo chenye uzito kuliko vyote

Hapa ndipo fani ilipogeuka, kwenye miaka ya 2007 hadi 2013. Zamani swali lilikuwa "DNA imepatikana au haikupatikana?" Sasa swali ni "DNA hii inaonekana ya kale?" Na lina jibu la tarakimu.

DNA ya kale ina alama mbili. Ya kwanza ni ufupi: vipande vingi huwa na herufi 40 hadi 60. Chini ya 30 au 35 hutupwa, kwa kuwa kipande kifupi hivyo kinaweza kufanana na bakteria yeyote. Ya pili ni mabadiliko ya kikemia kwenye ncha, ambayo hapa tunayaita makovu. Herufi C iliyo mwishoni mwa kipande, palipoachwa wazi, hupoteza kikundi chake cha amino na kuwa yurasili, na mashine huisoma kuwa T. Ukilinganisha na jenomu ya rejea, yaani ya kulinganishia, utaona T zikijaa mahali pa C kwenye ncha ya mwanzo, na A mahali pa G kwenye ncha ya pili. Kama maktaba ya DNA (vipande vilivyoandaliwa ili mashine ivisome) iliandaliwa kwa uzi mmoja, C kuwa T huonekana ncha zote mbili. Kwa mwili wa miaka elfu kadhaa kutoka nchi ya joto, tarajia asilimia 20, 30 au zaidi kwenye herufi ya kwanza kabisa, kisha mchoro ushuke haraka kadiri unavyoingia ndani ya kipande. DNA ya mtu wa leo hukaa karibu na sifuri mstari mzima. Programu ya mapDamage huchora mchoro huo, na makala nzuri huuweka hata kama ni kwenye viambatisho.

Kuna mitego miwili. Kwanza, maabara nyingi huondoa yurasili kwa kimeng'enya cha UDG ili kupunguza makosa, na baada ya hapo makovu hayaonekani. Hilo si kosa, mradi walipima makovu kwanza kwenye maktaba ambayo haijatibiwa, au walitumia UDG nusu inayoacha makovu kwenye herufi za mwisho. Tafuta sentensi hiyo.

Pili, makovu yanathibitisha kwamba *ipo* DNA ya kale, hayathibitishi kwamba *yote* ni ya kale. Mchanganyiko wa asilimia 70 ya mumia na 30 ya mtunza makumbusho bado utaonyesha mchoro mzuri tu, ulioshuka kidogo. Kwa hiyo makovu hayatoshi bila hatua inayofuata.

Uchafuzi una asilimia ngapi?

Mwili wa Tutankhamun ulikatwakatwa Novemba 1925 ili kuubandua kwenye utomvu ulioganda ndani ya jeneza, kwa mikono ya watu wengi na bila tahadhari yoyote ya DNA, kitu ambacho hakuna aliyekijua. Mumia nyingine zilifunguliwa mbele ya watazamaji, zikapakwa gundi, zikahamishwa kutoka kabati hadi kabati kwa miaka 100. Kuuliza "je, kuna uchafuzi?" ni kupoteza muda. Uliza ni kiasi gani.

Njia zinazokubalika ni mbili. Ya kwanza hutumia mitokondria, DNA ndogo inayorithiwa kwa mama: mtu ana aina moja kuu ya mitokondria, basi vipande vinavyopingana na aina hiyo ni vya mgeni. Programu za schmutzi na contamMix hufanya hesabu hiyo. Ya pili ni kwa wanaume tu: mwanamume ana kromosomu X moja, kwa hiyo kila nafasi inapaswa kuwa na herufi moja. Zikionekana mbili, kuna mtu mwingine. Hesabu ya X huhitaji data ya kutosha, kwa kawaida angalau nafasi 200 zilizosomwa zaidi ya mara moja, vinginevyo jibu lake ni la kubahatisha. Chini ya asilimia 5 kwa kawaida hukubaliwa. Kati ya 5 na 10, soma kwa tahadhari. Zaidi ya hapo, mtafiti anapaswa kubakiza vipande vyenye makovu peke yake na kurudia uchambuzi. Asili ya mtu ikihama baada ya kufanya hivyo, jibu la mwanzo lilikuwa la mchafuzi.

Na usisahau mchafuzi alitoka wapi. Mumia iliyoshikwa Ulaya ikichafuka, jibu husogea kuelekea Ulaya, na wengi hushtuka na kukagua upya. Iliyoshikwa Kairo ikichafuka, jibu husogea kuelekea Wamisri wa leo, jambo ambalo kila mtu alilitarajia, na hakuna anayeshtuka. Uchafu unaofanana na jibu linalotarajiwa ndio mgumu kuliko wote kuunasa.

Alama zilizopimwa zinaweza kujibu swali hilo?

Sasa turudi kwa Tutankhamun. Kundi la Hawass halikusoma jenomu. Walitumia PCR kuhesabu marudio mafupi ya herufi, STR, kwenye alama (sehemu maalumu za DNA) 8, mbinu ileile ya polisi na ya kesi za malezi ya watoto. Kila alama huleta namba mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jedwali lilichapishwa, na yeyote anaweza kulikagua kwa kalamu:

- Alama D7S820: mtu wa KV55 ana 15 na 15, yule "Mwanamke Kijana" wa KV35, ambaye vipimo vilimweka kuwa mama wa Tutankhamun, ana 6 na 10, Tutankhamun ana 10 na 15.
- Alama D16S539: KV55 ana 11 na 13, Mwanamke Kijana ana 8 na 11, Tutankhamun ana 8 na 13.
- Alama CSF1PO: KV55 ana 9 na 12, Mwanamke Kijana ana 6 na 12, Tutankhamun ana 6 na 12.

Kila mara mtoto amechukua namba moja huku na moja kule. Alama zote 8 zinakwenda hivyo.

Udhaifu wa STR kwa mwili wa kale ni kwamba mashine hutoa urefu tu. Haionyeshi makovu, kwa hiyo hakuna namna ya kutazama matokeo na kusema hii ni ya kale, hii ni ya fundi wa maabara. Tena alama nyingi huhitaji kipande kizima cha herufi 100 hadi 200 na zaidi, urefu ambao Misri hauachi kirahisi. Ndiyo sababu wataalamu wa DNA ya kale Eline Lorenzen na Eske Willerslev waliandika barua JAMA mwaka huohuo wakihoji. Watafiti wa Kairo, yaani kundi la Hawass, walijibu kwamba walichukua sampuli kati ya 2 na 4 kwa kila mumia, wakarudia katika maabara ya pili, na kulinganisha na DNA ya wafanyakazi wao.

Maoni ya mwandishi wa mwongozo huu ni kwamba ukoo ule, kwa ujumla, una uzito. Uchafuzi wa kubahatisha hauwezi kirahisi kutengeneza babu, bibi, baba, mama na mtoto wanaolingana kwenye miili tofauti. Lakini undani wake ni jambo jingine. Makala ilisema KV55 na Mwanamke Kijana ni ndugu wa baba na mama mmoja. Mtaalamu wa Misri ya kale Marc Gabolde ameonyesha kwamba ndoa za binamu zikirudiwa vizazi kadhaa zinaweza kuacha namba zinazofanana na hizo. Kwa alama 8 hutaamua ugomvi huo.

Asili ya kabila au bara ndiyo usiiulize kabisa. Namba hizohizo za STR zipo katika kila jamii duniani, tofauti ni wingi tu. Kampuni iliyodai jibu ni Maziwa Makuu na Kusini mwa Afrika ilichukua namba 8 na kuzilinganisha na hazina yake ya watu wa leo. Kikokotoo cha namna hiyo lazima kitoe wa kwanza kwenye orodha, hata ukikipa namba za kubuni. Isitoshe, Tutankhamun alikufa karibu 1323 KK, wakati ambapo wasemaji wa Kibantu walikuwa bado hawajaenea kwenye nchi wanazokaa leo.

Dai la Uzungu lilikuwa baya zaidi: lilijengwa juu ya namba za kromosomu Y zilizoonekana kwenye skrini ya kompyuta ndani ya filamu ya televisheni. Baadaye, 2020, kundi la Kairo lenyewe lilitaja nasaba ya R1b (hapa nasaba ni ukoo wa kijenetiki wa mstari mmoja, si ukoo wa kifalme). Hata hivyo R1b bila tawi haisemi Ulaya. Tawi la V88 limejaa kwa watu wa maeneo ya Ziwa Chad. Ukiambiwa "R1b", uliza tawi gani, na lilithibitishwa kwa kipimo gani.

Vivyo hivyo kwa Ramses III. Makala ya 2012 katika jarida la tiba la BMJ ilimtaja kuwa E1b1a, nasaba iliyoenea sana kwa wasemaji wa Kibantu, na ndiyo maana habari hiyo inapendwa huku kwetu. Lakini haikupimwa moja kwa moja. Ilikadiriwa kwa kikokotoo kutoka namba za STR za kromosomu Y. Makadirio hayo yanaweza kuwa sahihi, ila ni makadirio. Na Y ni mstari mmoja wa baba: ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu, na Y inakuambia habari za mmoja. Mitokondria ni hivyo kwa upande wa mama. Djehutynakht ana mitokondria ya U5b2b5, ukoo wenye mizizi Ulaya, na hilo halimfanyi Mzungu kama E1b1a isivyomfanya Ramses Mnyamwezi.

Swali la asili hujibiwa kwa jenomu nzima, au kwa kunasa nafasi kama milioni 1.2 zilizochaguliwa. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyotumika kwa mifupa ya watu wa kale wa pwani yetu, Mtwapa, Manda, Songo Mnara na kwingineko, katika utafiti wa 2023. Ukitaka kuona ripoti ya nchi ya joto iliyokamilika inavyoonekana, isome ile sambamba na ya Misri.

Vijidudu vina mizani tofauti

Mradi wa 2010 ulitangaza pia malaria kali, *Plasmodium falciparum*, kwa Tutankhamun na kwa Yuya na Thuya, wazazi wa Malkia Tiye. Hapa hatari ya uchafuzi ni ndogo kuliko kwa DNA ya binadamu, maana fundi hatoi malaria kwa jasho, ila kama maabara hiyohiyo hupima wagonjwa. Kosa liko kwenye tafsiri. Anayeishi penye malaria kali anajua mtu mzima anaweza kutembea na vimelea bila homa. Kukuta vimelea si kukuta sababu ya kifo. Kwa kifua kikuu tahadhari ni nyingine: udongo una bakteria ndugu zake, na kipande kimoja kifupi hakitoshi kuwatofautisha.

Watu wangapi, wa wapi, wa lini?

Utafiti wa Abusir el-Meleq wa 2017 ulianza na watu 151. Mitokondria kamili zilipatikana kwa 90, na data ya jenomu nzima inayoaminika kwa 3 tu. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ni mji mmoja wa Misri ya Kati, wa takriban 1400 KK hadi 400 BK. Usiugeuze kuwa "Wamisri wa kale". Luxor, Aswan na Nubia hazimo. Mtu wa Nuwayrat ana jenomu iliyosomwa kwa wastani wa mara 2, takriban asilimia 80 ikielekea Afrika Kaskazini ya enzi za kilimo cha mwanzo na 20 upande wa Mesopotamia. Ni mtu mmoja. Waandishi wake wamelisema hilo wazi. Vichwa vya habari havikusema.

Kukagua mwenyewe

Nenda mwisho wa makala, kwenye aya ya upatikanaji wa data. Utafiti wa DNA ya kale wa leo huweka faili ghafi kwenye Hifadhi ya Ulaya ya Nyukleotidi, ENA, bure. Pakua faili moja ya BAM, yenye vipande vya DNA vilivyosomwa. Ya mitokondria ni ndogo na laptop ya kawaida inaiweza. Kwa programu ya samtools hesabu vipande na uangalie urefu wake: kilele kikiwa juu ya herufi 100, shtuka. Endesha mapDamage. Toa mfuatano wa mitokondria na uuingize kwenye programu ya HaploGrep uone kama nasaba inalingana na iliyotangazwa, na kama kuna herufi zinazoelekeza nasaba mbili kwa pamoja. Vipande vilivyorudufiwa na PCR viondolewe kwanza, la sivyo kipande kimoja kitahesabiwa mara 50 na utadhani una ushahidi mwingi. Hakikisha pia unafahamu kama maktaba ilitibiwa kwa UDG, usije ukamtuhumu mtu bure kwa mchoro uliolala.

Kama hakuna faili, lakini jedwali la namba lipo, fanya zoezi la baba, mama na mtoto lililoonyeshwa hapo juu, alama kwa alama. Kama hata jedwali halipo, na ulicho nacho ni picha ya kinyago cha dhahabu yenye asilimia pembeni, huna cha kukagua, na huna cha kusambaza.